Hawa wawili wanaigiza jamani, acheni kusema ati ndivyo walivyo

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wenzako hapo mezani. Nawaandikia kuhusu ile barua mliyoichapa ya msomaji mmoja aliyesema ati hivi vichekesho vya mume na mke wanaojiigiza wenyewe si sanaa, manake wanafanya tu yale yale ya nyumbani kwao kila siku, kazi yao ni kuwasha kamera na kungoja pesa. Alafu akamalizia kwa kusema yule mke kwenye kipindi "haigizi, ndivyo alivyo". Hilo neno limenikaa kooni mpaka leo, nimeona bora niliteme hapa hapa kwenye ukurasa wenu.

Mtu akiigiza kuwa mfalme au mlevi au askari unamuona anaigiza, hata ile kofia tu inakwambia. Lakini akiigiza kuwa yeye mwenyewe, kwa jina lake, na mume wake wa ndoa, ndani ya nyumba inayofanana na yake, kazi yake haionekani kabisa, na kwa vile haionekani basi watu wanasema haipo. Na kati ya hao wawili anayefichika zaidi ni yule anayechekwa, ambaye mara nyingi ni mke. Mume anaonekana mjanja, ndo mwenye akili, ndo aliyebuni. Mke anaonekana kajiropokea tu. Hapo ndipo ninapogomba.

Na hii staili wala haikuletwa na simu za mkononi, vijana wasidanganyane. Huko Marekani iliingia kwenye televisheni mwezi wa Novemba 1947, televisheni yenyewe bado ni kitu cha wenye pesa. Kipindi kiliitwa Mary Kay and Johnny, kikirushwa na shirika la DuMont, na ndicho kichekesho cha kwanza cha namna hiyo kwenye mashirika makubwa ya televisheni kule. Mary Kay Stearns na Johnny Stearns walikuwa mke na mume kweli, wakaigiza vijana waliooana juzi wanaoishi kwenye fleti New York. Mume kwenye kipindi ni karani wa benki asiyependa fujo, mke ndo mwenye vituko. Lakini ukiuliza skripti kaandika nani, ni Johnny. Yaani huyo "karani" akitoka benki alikuwa anakaa chini kuandika vituko vya mkewe, alafu mkewe anavikariri na kuvicheza laivu, hakuna kurudia, ukikosea umekosea mbele ya watu.

Mdhamini wao, wauzaji wa dawa ya kichwa, hakuwa na hakika kama kuna mtu anatazama. Akatangaza kwamba wa kwanza 200 watakaoandika barua watatumiwa kioo cha bure. Akaongeza vioo vingine 200 vya akiba, asije akaumbuka. Barua zikaja karibu 9,000! Alafu Mary Kay akapata mimba, wakajaribu kuificha kwa muda, tumbo likakataa kufichwa, ikabidi iingizwe kwenye hadithi, na mtoto alipozaliwa Desemba 1948 naye akaingia kwenye kipindi akiwa mchanga kabisa. Fikiria wewe, mama mzazi, badala ya kukaa ndani arobaini yake akandwe kwa maji moto, anakariri skripti. Na ajabu ni kwamba karibu kazi yao yote imepotea, manake enzi hizo mambo yakirushwa laivu yakishapita yamepita.

Lakini hao niliwataja kwa heshima ya kutangulia. Ninaotaka kuwazungumzia hasa ni George Burns na Gracie Allen, na nitawakalia kidogo manake wao ndo wanaoimaliza kabisa hii hoja ya "ndivyo alivyo".

Hawa walikutana miaka ya 1920 mwanzoni, kwenye yale maonyesho ya jukwaani ya Marekani ambapo usiku mmoja unatazama mchekeshaji, mcheza dansi, mbwa anayeruka na mtu wa mazingaombwe, wote steji moja. George alikuwa mtoto wa maskini wa New York, jina lake la kuzaliwa Nathan Birnbaum, na kabla ya hapo alishajaribu kila kitu akafeli karibu kila kitu. Gracie alitoka San Francisco, katika familia ya wacheza dansi, yuko steji tangu mtoto. Walipoanza pamoja mpango ulikuwa hivi: George ndo mwenye vichekesho, Gracie kazi yake ni kuuliza maswali tu, ampe mwenzake nafasi ya kuchekesha. Wakapanda steji. Watu wakacheka maswali. Majibu ya George, kimya.

Sasa wanaume wangapi hapo wangekasirika? George alikwenda akabadilisha skripti yote, vichekesho vyote akampa Gracie, yeye akabaki na kazi ya kuuliza na kuvuta sigara yake kubwa. Kwa hilo mimi namvulia kofia. Tarehe 7 Januari 1926 wakaoana Cleveland, Ohio, na maisha yake yote George alikuwa akisema hadharani kwamba kipaji kilikuwa cha mke wake, yeye alikuwa msindikizaji.

Mwaka 1932 wakaingia redioni. Na hapa pana kitu kizuri. Kwa miaka karibu kumi redioni waliigiza kama kijana na msichana ambao hawajaoana, anamtongoza tongoza tu, huku Marekani nzima inajua hawa ni mke na mume na wana watoto wawili waliowalea tangu wachanga, Sandra na Ronnie. Wasikilizaji wakaanza kupungua. George akakaa akafikiria mpaka akagundua tatizo: vichekesho vimebaki vya vijana na wao ni watu wazima. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1940 wakageuza kipindi, wakawa mke na mume kwa majina yao, George na Gracie, nyumba yao, majirani wao, na wasikilizaji wakarudi. Kwa hiyo "kujiigiza wenyewe" ilikuwa hesabu ya kibiashara na ya kisanaa, iliyopigwa na mtu aliyekuwa amekaa kwenye kazi hiyo miaka mingi. Nani alikwambia watu waliwasha tu kamera?

Televisheni walianza tarehe 12 Oktoba 1950, kwenye CBS, wakadhaminiwa na kampuni ya maziwa ya mkebe, na mtangazaji wa kipindi aliyatia hayo maziwa katikati ya hadithi kama vile jirani kaja kuomba chumvi. Mwanzo walirusha laivu mara moja kila wiki mbili, baadaye wakahamia kwenye filamu, kila wiki. Mpaka wanafunga mwaka 1958 walikuwa na sehemu 291. Mia mbili tisini na moja, Mhariri.

Na jinsi kilivyokuwa kimepangwa, hata leo ukikitazama (zipo sehemu nyingi tu kwenye intaneti) utashangaa. George anatoka katikati ya stori, anasimama pembeni, anaongea na sisi watazamaji moja kwa moja, anatuambia Gracie sasa hivi anapanga nini na sisi tungojee tuone. Baadaye kwenye miaka ya mwisho wakamwekea televisheni chumbani kwake, na ndani ya hiyo televisheni anatazama kipindi chake mwenyewe! Yaani mke wake yuko sebuleni anamficha jambo, na mume yuko chumbani anamtazama kwenye TV anajua kila kitu, alafu anashuka kwenda kuwachokoza. Hao ni watu wa miaka ya 1950. Vijana wetu wakifanya hivo leo tutasema ni wabunifu wa karne.

Kuna moja ambayo mimi siichoki. Jirani wao anaitwa Harry Morton, mume wa Blanche. Aliyeigiza Blanche ni Bea Benaderet, miaka yote huyo huyo, lakini Harry alibadilishwa badilishwa, waigizaji wanne tofauti. Sasa 1953 Fred Clark anaondoka anaingia Larry Keating. Wengine wangefanyaje? Wangebadilisha kimya kimya, au wangesema Harry kapata ajali kafanyiwa upasuaji wa uso kama zile tamthilia zetu za jioni. George yeye akatembea akaingia katikati ya onyesho, akasimamisha kila kitu, akawaambia watazamaji wazi kwamba mwigizaji yule ameondoka, huyu hapa ndo Harry mpya, akamtambulisha kwa jina lake la kweli, akamjulisha kwa "mke" wake, wakasalimiana kwa adabu, alafu akasema haya tuendelee, na ugomvi wa mke na mume ukaendelea pale pale ulipoachwa. Mimi nikiona hiyo huwa nasema huyu mtu alikuwa anatuheshimu. Alikuwa anatwambia kila wiki: huu ni mchezo jamani, na ninyi mnajua ni mchezo, na bado mtacheka.

Haya, sasa Gracie. Gracie wa kwenye kipindi ni mwanamke ambaye akili yake inakwenda kwa njia yake mwenyewe. Anatia chumvi kwenye kichupa cha pilipili manga na pilipili manga kwenye kichupa cha chumvi. Ukimuuliza kwa nini, anakwambia watu kila siku wanavichanganya hivi vichupa, sasa wakivichanganya watakuwa wamepatia. Anarudi kutoka hospitali kumtazama mgonjwa, mikononi ana maua mazuri. George anauliza maua haya vipi. Anamjibu, si wewe uliniambia nikienda nimchukulie maua, basi alipogeuka tu nikayachukua.

Ukisikia hivo unasema mjinga huyu. Ngoja. Mimi nafundisha shule ya sekondari na kila mwaka naandaa wanafunzi wa mashindano ya drama, kwa hiyo hili la kukariri nalijua kwa jasho. Mwanafunzi hakariri maneno peke yake, anakariri neno la mwenzake la mwisho ndo adakie. Mwenzake akisema "baba amefika", yeye atasema "amekuja na nani", na hata akisahau akili yake itamsaidia manake jibu linafuata swali. Sasa chukua maneno ya Gracie. Jibu halifuati swali. Jibu liko upande wa pili wa mji kabisa! Huwezi kubahatisha, huwezi kupoteza neno moja ukaweka lingine, manake kichekesho chote kimebebwa na mpangilio wa maneno yale yale. Na anayasema kwa haraka, kwa sauti ile yake nyembamba, uso mkavu, bila kucheka hata kidogo kwa sababu kwa Gracie wa kipindi lile jambo lina mantiki kamili na wewe ndo huelewi. Wiki baada ya wiki, na yeye ndo mwenye maneno mengi kuliko wote. Nikimpa mwanafunzi wangu bora kurasa mbili za namna hiyo atalia.

Mwenyewe alikuwa akisema yeye si mchekeshaji, ni mwigizaji. Nje ya kamera alikuwa mtu mtulivu, anayevaa vizuri, na kipandauso kilimtesa miaka mingi, alafu na moyo nao ukaanza. Hata zile nguo za mikono mirefu ambazo watazamaji walidhani ni fasheni yake, alikuwa anafunika kovu la kuungua alipokuwa mtoto. Ukimtazama kwenye kipindi hutajua hata kimoja katika hivyo. Sasa mtu aje aniambie "ndivyo alivyo".

Na huku kuchanganya mtu na kipindi si jambo dogo, kuna watu liliwaumiza. Mwaka 1933, bado wako redioni, walibuni mzaha kwamba kaka yake Gracie amepotea. Gracie akawa anaingia ghafla kwenye vipindi vya watu wengine kuuliza jamani hamjamuona kaka yangu. Nchi nzima ikaingia kwenye mzaha. Bahati mbaya Gracie alikuwa na kaka wa kweli, mhasibu wa watu, yuko San Francisco anafanya kazi yake kimya kimya, hajapotea popote. Waandishi na watu baki wakamwandama mpaka ikabidi ajifiche kidogo mambo yatulie. Yule bwana hakusaini kuwa mchekeshaji. Nawaza sana juu yake nikiona hizi familia za siku hizi zinazojirekodi, kuna mashemeji na mayaya na watoto humo ndani ambao hakuna aliyewauliza.

Tena watoto wenyewe. Sandra hakuvutiwa sana na hiyo kazi, alionekana onekana tu. Ronnie aliingia moja kwa moja 1955 akiwa kijana, akaigiza Ronnie, mwanafunzi wa uigizaji anayependa tamthilia nzito na anayeona aibu kidogo na vichekesho vya wazazi wake. Hiyo nayo niliipenda, manake angalau walimpa nafasi ya kuwadharau.

Linganisha na familia ya Nelson. Ozzie na Harriet nao walikuwa mke na mume wa kweli, wakaweka na watoto wao David na Ricky, na kuanzia Oktoba 1952 mpaka 1966 Wamarekani waliwatazama wakikua, miaka kumi na nne kwenye ABC. Nyumba ya kwenye kipindi ilitengenezwa kufanana na ya kwao. Wavulana walipooa, na wake zao wakaingia kwenye kipindi. Sasa Ozzie wa kwenye televisheni hana kazi inayoeleweka, yuko tu nyumbani na sweta, anatafuta aiskrimu, watu wakawa wanataniana miaka yote huyu baba anakula wapi. Ozzie wa kweli alisomea sheria, akaongoza bendi, na hicho kipindi alikiandika, akakiongoza, akakizalisha na kukiigiza yeye, bila kulala. Hakuwa na siku ya kutafuta aiskrimu hata moja. Lakini tofauti na George, Ozzie hakusimama kamwe mbele ya kamera kutwambia huu ni mchezo. Ndo maana kuna kizazi kizima cha Wamarekani kilichokuwa kinajiuliza kwa nini nyumba yao haiko kama ile, baba mpole kila saa, mama hakasiriki, jikoni hakuna moshi. Mimi hapo nampa alama George.

Na Lucille Ball na Desi Arnaz wasomaji watasema nimewasahau. Sikuwasahau, ila wao waliigiza kwa majina mengine, Lucy na Ricky Ricardo, japo ndoa ilikuwa ya kweli na hata mimba ilikuwa ya kweli, mtoto wao akazaliwa tarehe 19 Januari 1953, siku ile ile ambayo Lucy wa kwenye televisheni alijifungua. Watu wakaiamini ndoa ile kuliko walivyoamini za kwao. Mwezi wa Machi 1960 wakarekodi sehemu ya mwisho, wakabusiana mbele ya kamera kama hadithi ilivyotaka, na kesho yake Lucille akawasilisha kesi ya talaka. Huo ndo uigizaji wa mwisho wa uigizaji. Nani kati ya waliotazama lile busu alijua?

Sisi hapa tulifanya kosa hilo hilo lakini kwa upande wa pili. Waliokua na Vitimbi, kile kichekesho cha televisheni ya hapa Kenya, tangu enzi za Sauti ya Kenya mpaka KBC, watakumbuka Mzee Ojwang' Hatari na Mama Kayai. Mpaka leo ukikaa na watu wazima utakuta anayeapa kwamba wale walikuwa mke na mume. Hawakuwa. Benson Wanjau alikuwa na mke wake nyumbani, na Mary Khavere ana maisha yake, walikuwa wanakutana kazini kama wewe na mwenzako wa ofisini. Na si ndoa tu, hata ule Ujaluo wa Mzee Ojwang' ulikuwa wa kuigiza, Wanjau alikuwa Mkikuyu! Alipofariki 2015 kuna watu walishangaa kusikia jina lake la kweli. Kwa hiyo tuliwapa ndoa watu wasiooana, na sasa walioana kweli tunawanyima usanii, hatuna tunachopatia.

Mchekeshaji Njugush na mke wake Celestine Ndinda, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Wakavinye, nawataja kwa sababu ndio wanaotajwa sana hapa kwetu mada hii ikizuka. Wametoka kwenye klipu fupi za simu wakafika steji, watu wanalipa kiingilio kwenda kuwaona wakigombana. Mimi si mshabiki wa kila kitu chao, kuna nyingine naona zimerefushwa bure. Lakini mtazame Wakavinye anavyongoja. Njugush anasema neno lake, watu wanacheka, na yeye hajibu haraka, anamtazama tu, anahesabu kicheko kikianza kushuka ndo anaachia lake. Hiyo haitoki jikoni. Hiyo ni mazoezi, na mwanafunzi wangu akiweza hivo nitamwandikia barua ya sifa.

Narudi kwa Gracie nimalizie. Ndoa yao ya kweli haikuwa kama ya kwenye kipindi, na George mwenyewe alikuja kusimulia uzeeni. Kuna wakati alitoka nje ya ndoa, akajua Gracie kajua, hakuulizwa neno. Kwa hofu yake akaenda kumnunulia pambo la mezani la fedha ambalo walishaligombania bei. Gracie akalipokea, kimya. Miaka ikapita, siku moja akamwambia shoga yake kwamba anatamani George atoke tena nje manake anahitaji pambo jipya. Sasa hicho kichekesho ni kikubwa kuliko vingi vilivyokuwa kwenye skripti na hakikurushwa kamwe. Walichagua wao kipi kiingie kwenye TV na kipi kibaki kwao, na hicho kilibaki kwao miaka mingi. Wanaosema hawa watu "wanaanika ndoa" wafikirie hapo.

Gracie alitaka kuacha kazi kabla ya 1958, alichoka, lakini kipindi kilikuwa kinamtegemea yeye na riziki ya watu wengi iko humo. Mwishowe akasema basi, na Juni 1958 wakarekodi ya mwisho. George akaendelea bila yeye. Timu ile ile, majirani wale wale, Ronnie yupo, mtangazaji yupo, skripti za wale wale, George na sigara yake. Msimu mmoja tu kikafungwa, 1959. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa yule mwanamke ambaye watu walidhani haigizi. Gracie akafariki Agosti 1964 kwa moyo. George aliishi mpaka Machi 1996, miaka mia kamili na siku zake kidogo, akachukua na Oscar mwaka 1976, na alipozikwa pamoja na mkewe aliacha imeagizwa jina la Gracie litangulie lake.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, Mhariri, nalo si kubwa. Mkiandika habari za hawa mke na mume wanaochekesha, na mnaziandika sana, kila wiki kuna ya nani kanuniwa na nani kanunuliwa gari, tuwekeeni basi na ya kazi. Muulizeni nani kaandika ile sehemu. Muulizeni walirudia mara ngapi. Muulizeni mke, yeye peke yake, mume akiwa hayupo pale, ni vichekesho gani alivikataa na kwa nini, na malipo yanaingia kwa jina la nani. Mkishindwa kumpata wa kumuuliza hayo, mimi niko tayari kumleta mwandishi wenu darasani kwangu mazoezi ya drama yakianza, nimpe kurasa mbili za maneno yasiyofuatana, akariri mpaka saa kumi, alafu tupande naye steji mbele ya watoto wa kidato cha pili, ambao hawamhurumii mtu.

Wenu msomaji wa siku nyingi,
Mwalimu wa drama, Kisauni, Mombasa